Wanataka Nimlishe Binti Yangu Njugu Mbele ya Watu

Admin, nifiche vizuri. Kuandika kwamba naishi Manga si mbaya, Manga ni kubwa, lakini jina la kanisa letu sitalitaja, maana watu wa huko wote wako kwenye page yako na wanajifanya hawasomi.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nimeolewa huku Nyamira, nina binti mmoja ambaye bado hajafika miaka miwili. Nitamwita Moraa. Mume wangu anauza vifaa vya ujenzi Kisii mjini na hurudi nyumbani kila jioni. Ni mtu mzuri, sitamsema vibaya hapa. Shida yake ni kwamba mbele ya mama yake anakuwa mtoto.

Sisi ni Wasabato, kwa hivyo chakula cha Jumamosi kinapikwa Ijumaa kabla jua halijazama. Nimezoea kuwatengenezea watu wa nyumbani kitu kitamu cha kula baada ya kanisa. Nakaanga njugu, natoa maganda, nasaga mpaka iwe siagi laini, naongeza sukari kidogo, naviringa vibonge, kisha navichovya kwenye chokoleti niliyoyeyusha juu ya maji moto. Mama mkwe husema chokoleti si chakula cha Msabato. Akishasema hivyo anachukua kibonge kingine.

Sabato moja mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka upande wa Kisii. Hakuwa amemwona Moraa tangu aanze kutembea. Alimbeba kutoka kanisani hadi nyumbani, hakuchoka kumtazama. "Jamani ona huyu mtoto! Ngozi laini, mweupe hivi, amefanana na nani?" Maneno ya nyanya yeyote yule. Tulipokaa kula, wifi yangu akampa Moraa kibonge. Mtoto hakuwa amewahi kuonja njugu. Haukupita muda akaanza kujikuna, mwili ukajaa mabaka, midomo ikavimba, akawa anapumua kwa shida.

Mama mkwe hakumwangalia mtoto. Alimwangalia mama yangu. Kwa wasiojua, sisi Wakisii tuna jicho baya tunaloliita ebibiriria. Inasemekana mtu mwenye jicho hilo akimtazama mtoto mdogo, hasa mweupe, mtoto hujikuna na kuvimba, na dawa yake ni kusuguliwa kwa samli. Samli ililetwa mbio. Nikamnyakua mtoto wangu akiwa anateleza mwili mzima, nikapanda bodaboda hadi hospitali. Daktari akamdunga sindano, akauliza amekula nini, nikamweleza. Akasema ni njugu, mwili wake haupatani nazo, na nisithubutu kumpa tena maana safari ijayo koo linaweza kufunga kabisa.

Nilirudi nikidhani mambo yameisha. Sindano ilifanya kazi, samli ndiyo ikapewa sifa. "Njugu?" mama mkwe akaniuliza. "Nimelea watoto wangu wote kwa njugu hapa hapa. Huyo daktari wako ni wa wapi, anajua nini?" Siku hiyo hiyo mama yangu aliambiwa asikanyage boma hili tena. Maneno yalifika kwao kabla yeye hajafika. Sasa mke wa kaka yangu, ambaye amejifungua majuzi, humfunika mtoto wake akimwona mama anakuja. Kule soko la Daraja Mbili, ambako mama huuza ndizi, wanawake wenye watoto mgongoni wanapitia upande ule mwingine. Mama yangu, admin! Mwanamke ambaye nusu ya watoto wa kijiji chao walilala mapajani mwake! Nina hasira mpaka nashindwa kuomba.

Juzi mume wangu akaniletea suluhisho la familia. Sabato hii nitengeneze vile vibonge, watu wa boma wakae, Moraa apewe kimoja mbele ya wote, na mama yangu asiwe karibu. Akivimba, watakubali kwamba ni njugu, na wataenda wenyewe kumwomba mama msamaha. Asipovimba, basi tumeshajua ni nani. "Mama Moraa, ni kidogo tu," aliniambia. "Bodaboda itakuwa hapo nje tayari." Nikamuuliza kama alisikia alichosema daktari. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Mama mkwe naye amesema nikikataa, ni kwa sababu namjua mama yangu vizuri.

Hao ningewaweza, kupigana nao nimezoea. Nikampigia mama simu nikitegemea tutawatukana pamoja tucheke kidogo. Badala yake akaanza kulia. "Mpe, mwanangu," akasema. "Mpe kidogo, kama ukucha tu. Sitaki kuzikwa na hilo jina."

Sijawahi kumsikia mama akiniomba kitu namna hiyo, na anachoniomba ni pumzi ya mtoto wangu. Anampenda Moraa, najua. Ni aibu imemfikisha hapo. Njugu zote za nyumbani nimezimwaga chooni, lakini zinauzwa kila mahali, na nikienda kuchuma majani chai mtoto huachwa na mama mkwe. Nimefikiria kumbeba niondoke, lakini niende wapi? Nikienda kwa mama, watasema jicho limemfuata. Na nikiona mama anazeeka bila mtu wa kumpa mtoto ashike, nitajiambia mimi ndiye ningeweza kulimaliza hilo jambo nikakataa.

Sabato ni kesho kutwa. Leo asubuhi mama amepiga tena, na sijashika. Ninyi mlio na mama na mlio na watoto, nishaurini. Nikishika hiyo simu, nimwambie nini?