Jokofu Lililotiwa Lakiri

Katika miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa majokofu katika kambi ndogo ya jeshi huko Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Majokofu yenyewe yalikuwa mawili tu, moja la nyama jikoni na moja la dawa kwenye zahanati, yote yakiendeshwa kwa mafuta ya taa. Nilikata tambi, nikakwangua masizi kwenye mabomba, na kila kasoro niliiandika kwenye fomu ya nakala tatu. Kazi ya utambi hata mpishi aliiweza. Fomu niliiweza peke yangu, maana nilikuwa nimetoka kozi, na sifichi, nilijiona.

Getini alikuwapo mzee wa hapo hapo Mwera aliyefyeka majani ya kambi. Nikimpa shikamoo yake, huitikia marahaba kisha hunichokoza: "Mganga wa masanduku, wagonjwa wako waamkaje?" Nilimpenda. Siku ambayo hakunichokoza niliona kama sijaamka vizuri.

Asubuhi moja dresa wa zahanati, Mbondei mpole niliyezoea kunywa naye chai, alinijulisha kuwa jokofu lake limeacha kupoza. Nikalikagua. Moto uliwaka vizuri na bomba lilikuwa safi, lakini ndani mlikuwa na joto kama kabatini. Humo ndimo zilimokaa chupa nne za dawa ya kuumwa na nyoka. Mtu akiumwa, kufika hospitali ilikuwa mpaka uvuke kwa pantoni, na mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuiharibu njia.

Mafundi wa zamani walikuwa na dawa ya jokofu la namna hiyo. Unazima moto, unalisimamisha kichwa chini miguu juu, kutwa na usiku kucha, mpaka maji yaliyokwama ndani ya mabomba yarudi mahali pake. Nilishaona kwa macho yangu likipona. Lakini kwenye kozi tulifundishwa kuandika kwanza, ndipo tushike spana. Basi nikaketi, nikaandika kwa mwandiko wangu bora kwamba jokofu halipozi, nikapeleka fomu kwa sajenti.

Alasiri sajenti akaja na uzi na nta nyekundu ya lakiri. Kifaa kilichoandikwa kibovu hakiguswi na yeyote mpaka mkaguzi atoke Nairobi. Alifunga uzi mlangoni na kwenye taa yake ya utambi, akadondosha lakiri juu ya fundo, akagonga muhuri. Nikamwomba anipe siku moja tu nilipindue. Akauliza kama tiba hiyo imo kitabuni. Haikuwemo. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Kama ulijua kulitibu, ungelitibu kabla ya kuandika."

Dresa akaomba chupa zake zihamie kwenye jokofu la jikoni. Akaambiwa amri hairuhusu dawa kulala na nyama. Mwishowe akazifunga kwa kitambaa kibichi, akaziweka ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga wenye maji. Kila siku nilikwenda kuutazama mtungi ule, nikautia maji, nikauzunguka. Sikuwa na jingine la kufanya, na siku zilipita, wiki zikapita, mkaguzi haonekani.

Ndipo nyoka, bafe, alipomuuma yule mzee mguuni kwenye majani marefu ya uani. Waliletwa na askari wawili, yeye na panga lake, maana alikataa kuliacha. Dresa akatoa chupa mtungini, akaifuta, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa na utando. Akanigeukia.

"Nimchome, nisimchome?"

Ananiuliza mimi, fundi wa utambi. Nikasema sijui. Mzee alitutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Dresa akamchoma. Magharibi ilipofika uvimbe ulikuwa umepanda mpaka pajani, tukampakia kwenye gari, naye akavuka na pantoni ya mwisho. Huko hospitali walimkata mguu.

Mzee akiwa bado amelazwa, mkaguzi akaja. Alibandua lakiri kwa ukucha, akapapasa mabomba, akaagiza jokofu lisimamishwe kichwa chini. Kesho yake tukalisimamisha sawasawa na kuliwasha, na siku ya pili asubuhi mlikuwa na barafu. Akaandika kwamba hakuona kasoro. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, na sikujua hasira yenyewe nimtupie nani, kwa kuwa kila mtu alikuwa amefanya alivyoamriwa, na aliyeanza ni mimi.

Mzee alifariki Ijumaa iliyofuata. Tulipojipanga kumswalia, ndugu yake alisimama mbele ya jeneza, kama ilivyo ada, akatuomba kwamba aliyewahi kukosewa na marehemu, kwa neno au kwa kitendo, amsamehe, ili marehemu asiondoke na deni la mtu. Watu wakaitika kwa pamoja kuwa wamemsamehe. Nami nikaitika. Kisha nikangoja, kama mpumbavu, mtu ageuke amuulize marehemu kama naye ametusamehe sisi. Imamu akatukumbusha kunyoosha safu.