Mbegu Juu ya Mafiga

Kompyuta yetu ilipokufa, baba alikuwa na miezi minne hasemi. Kiharusi kilimshika shambani, kikamnyang'anya mkono wa kulia na ulimi. Kabla ya hapo, mwaka mzima, kila nikirudi kutoka kufundisha alikaa kando yangu akinisimulia maisha yake nami nikichapa: njaa, ng'ombe walioibwa, safari zake za ukatekista, babu zake hadi wa saba. Hakuna mwingine aliyeyajua. Yote yalikuwa kwenye mashine ile ya mtumba, maana soko huria lilikuwa limetuletea Bariadi kila kilichochokwa Ulaya.

Adhuhuri moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Mashine ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Fundi kutoka Maswa alikuja, akabadilisha kifaa cha ndani cha kuhifadhia kazi. Ikawaka, tupu kama gunia lililokung'utwa.

"Mwalimu, ulitunza nakala?"

Nilitunza! Tena kwa majivuno. Kazi yote ilijaa disketi tatu, nikampa mama aziweke mahali salama, nikamweleza nikijiona nina akili kweli: "Mayu, hizi ni mbegu. Mashine ikifa, tunapanda upya kutoka hapa."

"Mbegu najua kutunza," alinijibu siku ile.

Sasa nilimuuliza ziko wapi. "Zipo," akasema. "Hata dumuzi wa mahindi hawazigusi."

Akaniongoza jikoni, akanyoosha kidole juu. Kwetu mahindi ya mbegu hutundikwa kwenye paa, juu ya mafiga, yapate moshi yasibunguliwe. Katikati ya mahindi hayo palining'inia kifurushi cha kitambaa, cheusi tii kwa masizi. Nilikifungua. Disketi zilikuwa zimejikunja kwa joto.

"Umeziua!" nilimfokea mama yangu mzazi. "Umemnyamazisha baba mara ya pili!"

Baba alikuwa kwenye kiti pale mlangoni, akisikia kila neno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Aliyesema ni mbegu ni nani?" mama akauliza taratibu.

Fundi akachungulia kifurushi. "Lakini hizi ni mbili, mwalimu."

"Ya tatu iko Sola kwa mdogo wangu," mama akasema. "Mbegu zote unaweka nyumba moja? Umelelewa na nani wewe?"

Nilidandia lori la pamba. Mama mdogo aliitoa sandukuni, chini ya vitenge, akinilalamikia kwamba mbegu gani hii haina hata harufu. Paa lake lilikuwa linavuja, ndiyo maana hakuitundika. Nilimshukuru Mungu kwa paa bovu. Njia nzima ya kurudi niliishika ndani ya shati, tumboni, nikiogopa vumbi, jua, hata jasho langu mwenyewe.

Fundi aliiingiza. Mashine ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Mama alishika msalaba wa rozari. Kisha maneno ya baba yakajitokeza kwenye kioo.

Nilimsogeza karibu nikamsomea kwa sauti, yeye akitikisa kichwa polepole, machozi yakimtoka. Ilikuwa disketi ya kwanza tu. Tulifika ujana wake, asubuhi alipopeleka ng'ombe kunywa maji: "Pale kisimani palikuwa na msichana, akaniangalia..." Basi. Yaliyofuata yalibaki kwenye moshi.

Baba alifungua mdomo. Akajitahidi, shingo ikamsimama mishipa, ikatoka sauti isiyo na neno. Nilishindwa kumtazama.

"Nisamehe, mayu," nikasema.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akakaa mahali alipokuwa akikaa baba.

"Sikumwangalia hata kidogo," akasema. "Yeye ndiye aliyenimwagia ndoo yangu. Andika."

Baba akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Nikaandika.