Jina la Kwanza Kwenye Karatasi Yangu

Admin, ficha jina langu na la kanisa, mengine waachie watu wayaone. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mkulima wa majani chai pande za Gesima, nina mke na watoto wanne. Ni mzee wa kanisa. Mwezi mzima sasa nakwepa kusimama mbele ya watu, na nimechoka kuwadanganya kuwa ni presha.

Mimi ni mtu wa mpango. Wenzangu wakisema mwaka huu tutamtumikia Bwana kwa bidii, mimi huuliza, bidii kilo ngapi? Kwa hiyo nilipotumwa semina ya viongozi huko Kisii mjini nilirudi na moto. Tulifundishwa kwamba lengo la kiongozi liwe wazi, liwezekane, na liwe na siku ya mwisho. Nami nikakumbuka lengo la kanisa letu, "Kushinda giza kijijini". Giza gani? La nani? Mpaka lini? Hizo zilikuwa kelele tu.

Basi nikalifanya wazi. Nikachukua karatasi ya manila nikaandika majina ya wenye nyumba saba, tuwatembelee na kuomba nao kabla ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka. Niliwachaguaje? Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Niliwachagua wale ambao watu hunong'ona kuwa ni wachawi. Niliwaza kwamba kanisa likionekana likinywa chai kwao, minong'ono itakufa yenyewe. Lakini hilo la chai nililiweka moyoni. Jumamosi, siku yetu ya ibada, nilisimama nikasoma majina saba, nikasema, "Kufikia makambi nataka yote yawe na alama." Watu wakajibu amina ambayo sijawahi kuipata kwa mahubiri yoyote. Nikaibandika karatasi ukutani. Kiongozi wa vijana, mtoto wa marehemu kaka yangu ambaye nimemlea mwenyewe, nikampa kalamu ya kijani ya kutia alama kila nyumba tukishaifikia.

Jina la kwanza lilikuwa la mjane mmoja wa miaka sabini na kitu. Sisi humwita Omongina, ndiyo heshima ya mama mzee kwetu. Ndiye aliyenifundisha mistari ya Biblia nikiwa mtoto wa kamasi. Nilimpelekea habari kwamba tutakuja Jumapili kuomba naye, lakini zamu yake ilipofika mvua ilikuwa imekubali na majani yalikuwa mengi shambani, nikaahirisha. Juma lililofuata nikaahirisha tena. Mtu wa mpango, mimi.

Kisha kijana mmoja wa kwaya akaanguka na pikipiki kwenye kona iliyo chini ya boma la Omongina, akafa papo hapo. Matangani nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Hata kanisa lilishajua, ndio maana ni wa kwanza." Nilijiambia kwamba matangani si mahali pa kubishana.

Siku ya pili baada ya mazishi, mchana kweupe, nilikuwa kituoni nikingoja majani yangu yapimwe, nikasikia mayowe. Nilikimbia. Nilikuta wanamburuta Omongina kutoka ndani kwa miguu, kichwa kinagonga ngazi za mlangoni. Walikuwa kama thelathini, nusu yao ni wa kwaya. Mmoja alimpiga mkononi kwa ubapa wa panga, nikasikia mfupa ukivunjika. Wengine walirusha mawe huku wakiimba wimbo wa kanisani, haki ya Mungu, wimbo niliowafundisha mimi. Nyumba ilikuwa tayari inawaka. Damu ilikuwa imemjaa jicho moja, lakini kwa lile lingine aliniona.

"Mzee, waambie," alisema. "Si ulisema mtakuja kuomba na mimi? Kila Jumapili nimechemsha chai nikawangoja."

Wakasimama wote wakanigeukia. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshika mtungi wa petroli.

"Baba mdogo, huyu si ndiye wa kwanza? Ama tumekosea?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi. Kama ni kuuawa, tungeuawa wawili. Nilisema, "Ni wa kwanza, lakini..." Hiyo lakini haikungojwa na mtu. Walimmwagia. Moto ulishika leso yake na mkono ule uliovunjika, akapiga kelele ambayo naisikia hata nikichuma chai. Aliyemwokoa ni polisi, waliokuja wakipiga risasi hewani. Mimi sikuinua hata jiwe kuwarudishia.

Yuko hai. Jicho limepotea, na mkono waliukata. Yuko kwa binti yake, huko Mosocho. Juzi binti alinipigia simu, nikadhani nimekwisha. Kumbe anasema, "Mzee, asante kwa kuja mbio siku ile. Mama anauliza mtakuja lini kumwombea." Nilikata simu nikalia kama mtoto.

Polisi wanauliza nani aliyatoa majina. Baraza la kanisa limeniambia nijibu kwamba hakukuwa na karatasi yoyote. Mke wangu anasema nikifungua mdomo, huyo kijana tuliyemlea ataozea jela, na mimi nitamfuata, kama nyumba yetu haitachomwa kwanza.

Jumamosi iliyopita niliwahi kanisani kabla ya watu, ili niibandue ile karatasi. Nikakuta mbele ya jina la Omongina kuna alama ya kijani, imetiwa vizuri, kama nilivyomwelekeza mtoto wa kaka yangu. Yule wa pili chini yake ni mzee kiziwi anayeishi peke yake, na makambi ni wiki tatu zijazo. Karatasi sasa iko chini ya godoro langu, lakini majina wote wameyashika kichwani, maana niliyasoma kwa sauti na kwa utaratibu.

Sitaki mnihurumie. Niambieni tu, niipeleke karatasi hii polisi pamoja na huyu mtoto niliyemlea, au nisimame Jumamosi niwatazame usoni nimalizie ile lakini? Na kama jibu ni yote mawili, nianze na lipi kabla hawajafika kwa kiziwi?