Jino Lililonyamaza

Harufu ya vidonge vya rangi mbili, ile chungu inayokwaruza koo, hunirudisha kijijini kwetu Kilangali hata nikiwa nimesimama dukani hapa Mikumi. Ninyi mliolelewa pande zetu mnaijua. Jino likitoboka, kidonge kilifunguliwa, unga wake ukamiminwa kwenye tundu, na pamba ikashindiliwa juu.

Mama yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikukalisha juani, akakubana kichwa katikati ya magoti yake, na ole wako umng'ate. Hospitali, alisema, wanajua kung'oa tu. Majirani walimletea watoto wao wakilia, wakarudi nao wametulia, sasa nani angembishia?

Msimu mmoja wa kuvuna mpunga, dada yangu Mwanaidi, aliyekwisha kuchumbiwa, aliumwa gego la chini. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama akatia unga, akashindilia pamba, akatia tena. Kisha asubuhi moja dada aliamka anacheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jino linasemaje?"

"Haliumi hata kidogo. Limenyamaza."

Mama alitamba uani mpaka jirani akaja kuomba vidonge vilivyobaki. Mimi nilikuwa nikilala kitanda kimoja na dada, na furaha ile haikuniingia moyoni. Pumzi yake ilinuka kitu kilichooza, na kila akimeza mate alikunja uso. Nilimwambia mama.

"Hiyo ni dawa inatoa uchafu," alinijibu. Nikaamini, maana alikuwa mama.

Halafu pakavimba chini ya taya, pagumu, pana moto. Uvimbe ukateremka shingoni. Mama alitaka kuongeza unga, lakini mdomo uligoma kufunguka. Baba akaita bodaboda, akampakia dada katikati yake na dereva, wakaelekea hospitali Kilosa mjini. Niliwatazama wakiondoka. Dada alikuwa ameinua kidevu juu, anaitafuta hewa. Alirudi amefunikwa khanga.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nilipompeleka mwanangu kwa daktari wa meno. Alinieleza bila haraka kwamba dawa ile huua vijidudu kweli, ila pale inapofika tu, na unga uliotiwa tunduni hauwafikii waliokwisha kuingia mzizini. Jino la dada halikupona. Lilikufa, ndiyo maana likaacha kuuma, na vijidudu wakaendelea kushuka tayani tukiwa tunasherehekea. Asubuhi ile aliyoamka anacheka ndiyo tuliyopaswa kumkimbiza hospitali.

Mama sasa ni mzee. Kila tukimtaja Mwanaidi hufuta macho, akasema kosa lilikuwa kuchelewa, angemtia unga mapema mwanawe angekuwa hai. Inaniuma kumsikia. Namjibu, "Ndiyo, mama," na alilonieleza daktari nabaki nalo mwenyewe, kwa sababu sijui kama angelala tena usingizi akilijua.