Mswaki wa Bi Mwanasha

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa tabibu wa meno, na wanawake wa kijiji cha Bodo hawakuja zahanatini kwangu, maana aliyenitangulia aliicheka miswaki yao ya vijiti. Basi nikawafuata barazani kwa Bi Mwanasha, walikozoea kukutana, nimekusudia kuwarudisha.

"Shikamooni," nikasema. "Kijiti chenu ni kizuri. Kitafuneni ncha mpaka ilainike, kisha msugue taratibu kuanzia kwenye ufizi. Ila mswaki ni kila mtu na wake. Haushirikiwi, hata na mume!"

Wakacheka, nami nikapata moto. Kwenye kikombe pembeni palikuwa na kijiti, ncha yake imeshalainika vizuri. Nikadhani wamemwandalia mgeni. Nikakitia mdomoni, nikasugua juu, nikasugua chini, nikafika hadi magegoni. Baraza zima likanyamaza. Nikajua ni heshima.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanasha kwa upole, "huo ni wangu. Nimeusugulia meno alfajiri."

Nikabaki nao mdomoni.

"Basi sasa ni wako," akaniambia, wenzake wakilia kwa kicheko. "Kesho twaja sote ututazame meno. Lakini lile somo la kila mtu na wake, tutakufundisha sisi."