Mraba Mweupe Ukutani

Majirani wameshazoea kumwona fundi rangi amekaa nje ya geti lake kwenye kiti cha sebuleni, mwavuli mkono mmoja, sigara mkono wa pili. Siku hizi hata hawamuulizi.

Kwa miaka mingi alivutia sigara zake sebuleni, karibu na dirisha, na alijiona mstaarabu. Moshi si unatoka nje? Na mlango wa chumba cha mjukuu si umefungwa? Kazini, lakini, wavutaji walimkoma. Akiingia nyumba ya mteja, kwanza hutungua picha ukutani. Akikuta mraba mweupe nyuma yake, na kwingine kote kumegeuka rangi ya chai, humwambia mwenye nyumba bila kupepesa macho: "Rangi haijachakaa, bosi. Huu ni moshi wako."

Nyumba yake mwenyewe ilisubiri mpaka mkewe akachoka kumpigia kelele aipake rangi. Alianza na chumba cha mjukuu. Akatungua kalenda ya zamani iliyokuwa juu ya kitanda, akabaki nayo mkononi.

Mkewe akaja kuchungulia kazi. Akauona mraba mweupe, na rangi ya chai iliyouzunguka, ikashuka mpaka usawa wa mto wa mtoto.

"Si kitu," fundi akasema. "Nikipiga mikono miwili ya rangi, inapotea."

"Ukuta sawa," mkewe akasema. "Mtoto utampaka nini?"