Mwamuzi Hasalimiwi

Ramani ya nchi yetu ya mchezo iko juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, hapa Kasha, mtaa wa pembezoni mwa mji, na mteja akija kupimwa gauni huwa naifunika kwa shuka. Niliichora mwenyewe kwenye karatasi ile ngumu ya kukatia mifano ya nguo: ziwa katikati, milima pande zote, misitu, vivuko, na falme zilizopakana. Majeshi ni vifungo. Kila mchezaji ana rangi yake, na kwa kuwa mimi ni mshonaji, vifungo ni kitu ambacho sijawahi kukosa.

Mwanangu ndiye aliyeuleta mchezo huu nyumbani, enzi akiwa mwanafunzi. Yeye na wenzake walikuwa wanakaa sebuleni kwangu Jumapili baada ya misa, kila mmoja na karatasi yake ndogo anayoificha kwa mkono. Waligombana sana, mpaka wakaona kwamba lazima awepo mtu asiyecheza, wa kuishika ramani kubwa na kumwambia kila mmoja yale tu ambayo askari wake wanaweza kuyaona. Mimi nilikuwa jikoni nachambua sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mwanangu akachungulia mlangoni. "Maman, weye hauna ufalme," aliniambia, "kuya utuchungie carte." Nikanawa mikono nikaenda kuwalindia ramani, na tangu siku ile wakaniita Maman Arbitre, mama mwamuzi.

Kisha kazi na vita viliwatawanya. Binti mmoja sasa ni muuguzi Kamituga. Kijana mwingine anauza vipuri vya pikipiki Kadutu, hapa hapa mjini. Wengine wako Uvira na ng'ambo ya mpaka. Mwanangu alikwenda Shabunda, anatengeneza mashine za kuvuta maji kwenye machimbo ya dhahabu. Mume wangu tulikuwa tumeshamzika. Nikabaki na nyumba, cherehani na ramani. Mchezo ukahamia kwenye simu: asubuhi kila mmoja ananitumia amri zake kwa siri, saa sita mchana naacha kupokea, alasiri nasogeza vifungo na kumjibu kila mtu peke yake, kwamba mlinzi wako ameona moshi nyuma ya mlima, basi. Zamu imekwisha mpaka kesho.

Mtu asiyecheza anadhani huu ni mchezo wa vita. Mimi nakuambia ni mchezo wa kujua na kutojua, ndiyo maana kanuni zetu karibu zote ni za mdomo. Kabla askari wako hajakutana na askari wa jirani kwenye ramani, humwambii jirani huyo neno lolote la mchezo, hata kama mmekaa benchi moja kanisani. Mkishakutana, semezaneni mpendavyo, ahidianeni, hata danganyaneni. Uongo wa mdomo ni halali, kwa sababu anayedanganywa bado ana akili yake ya kuupima. Ila kumtumia mtu picha ya ramani yako ni marufuku. Picha inamaliza ubishi, na bila ubishi hakuna mchezo. Aliyeshindwa anatoka, na aliyoyaona anakaa nayo kimya mpaka mwisho, kama marehemu. Na mwamuzi, ambaye anaona yote, hamwambii mtu chochote kisicho chake.

Kuona yote ni kazi ya upweke. Nilijua nani anamnyemelea nani. Nilimjua aliyeapa urafiki asubuhi, kisha akahamisha wapiga mishale. Nimwambie nani? Nilikuwa naongea na cherehani.

Lakini zamani amri zilikuja na salamu, na salamu hizo ndizo zilizonilisha. Kwetu huombi hata sindano kwa jirani kabla hujamwuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, mgongo unaendeleaje. Wote walianza hivyo. Muuguzi wa Kamituga alipenda hata kunipigia simu Jumapili, tukaongea mambo ya hospitali na vitenge vipya, bila mchezo ndani. Mwanangu aliandika kwa kifupi, "Jambo maman, niko muzima," kisha amri. Ni mtu wa maneno machache tangu mazishi ya baba yake, nikaona inatosha.

Ugomvi ulianza Jumatatu moja. Muuguzi aligeuza jeshi lake ghafla, akaliepusha na mtego ambao muuza vipuri alikuwa ameutega kwa subira kubwa. Muuza vipuri alijua kwamba Jumapili ile tuliongea sana, maana muuguzi mwenyewe alimwambia. Akaandika kwenye grupu, mbele ya wote, kwamba arbitre ana mtoto wake wa kupenda, na kwamba simu ndefu vile haiwezi kuwa ya vitenge tu. Kuniambia hivyo mimi, niliyempikia sambaza akiwa bado hana hata ndevu. Kwa hasira nikajichoma kidole kwa sindano. Nikaandika kanuni mpya palepale: kuanzia leo mpaka mchezo uishe, hakuna mchezaji atakayeniandikia neno lolote ila amri. Hakuna jambo, hakuna habari, hakuna kuniuliza nimekula nini. Atakayenisalimia anapoteza zamu yake. Na mimi sitamjibu mtu ila yale walinzi wake wanayoyaona. Wakaomba radhi wote, muuza vipuri naye. Nikasema imeandikwa. Hasira hasara, na hasara hii niliilipa mimi.

Kuanzia hapo simu ilinguruma kila asubuhi na hakuna aliyekuwa ananiita. "Askari wawili, mulima ya kati." "Wapiga mishale babaki." Kwa mtu aliyekulia kwetu, ujumbe usio na salamu ni sawa na mgeni kuingia ndani bila kubisha hodi. Siku za mvua, wateja wasipokuja, sauti yangu niliisikia tu nikimfukuza kuku wa jirani.

Lililoniuma hasa ni la mwanangu. Kule anakokaa mtandao haupatikani mpaka apande kilima kilicho nyuma ya soko, aliwahi kunieleza mwenyewe. Basi kila asubuhi anapanda kilima, anatuma amri, anashuka, na kanuni yangu imemziba mdomo. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nikaanza kumsoma kupitia vifungo vyake vya kahawia. Amri ikiwahi, nilisema leo hana kazi. Ikichelewa, nilisema huko mvua. Akisogeza jeshi ovyo, nilisema amechoka, au hajala vizuri. Sikuwa na njia nyingine ya kujua habari zake.

Ndipo wazo likaniingia, nami sitalipamba: nilitamani mwanangu ashindwe. Aliyeshindwa si mchezaji tena, na asiye mchezaji kanuni haimfungi. Vifungo vyake vikitoka mezani, angeweza kuniandikia jambo maman, nami ningemwuliza yote, analala wapi, nani anamfulia, kile kikohozi alichoondoka nacho kimekwisha. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nikawa mzazi wa kumwombea mwanawe maangamizi, rozari mkononi.

Nafasi ikaja. Muuza vipuri alileta jeshi kubwa kwenye kivuko cha mwanangu. Kama askari wa mwanangu wangebaki walipokuwa, mji wake mkuu ungeanguka siku ileile na yeye angetoka. Saa sita ikafika, amri yake haipo. Nikaenda jikoni kusonga bugali huku moyo wangu umekuwa mwepesi kwa namna niliyoionea aibu. Kabla sijapakua, simu ikalia. Ilikuwa amri yake, inarudisha wapiga mishale kivukoni. Saa iliyoandikwa juu yake ilionyesha kwamba aliituma asubuhi, mtandao ndio uliikalia.

Hakuna ambaye angenilaumu kama ningeikataa. Wangenisifu: Maman Arbitre hana upendeleo, amemhukumu hata wa tumbo lake. Dhuluma ingevaa nguo ya haki, na nguo yenyewe ingenikaa vizuri. Lakini niliwahi kuipokea amri ya muuguzi iliyocheleweshwa na mtandao wa Kamituga, na wakati ule hakuna aliyelalamika. Lililo halali kwa mtoto wa mwenzangu ni halali kwa wangu. Bugali ukapoa. Nilirudi mezani nikawarudisha wapiga mishale kivukoni, na mji ukapona. Muuza vipuri akaandika kwenye grupu kwamba nimembeba mwanangu. Nikamkumbusha ile ya Kamituga. Hakuna aliyejua kwamba hukumu ile ilininyima mimi.

Mwanangu alianguka baadaye, kwa mkono wake mwenyewe. Muuguzi alimwahidi kwamba hatavuka daraja lililokuwa kati yao, naye akaamini, akaliacha bila mlinzi. Muuguzi akavuka. Sikuwa na la kusema, kwa kuwa ahadi ya mdomo kila mtu anaipima mwenyewe. Niliviokota vifungo vya kahawia nikavirudisha kwenye kopo. Nikatangaza kwenye grupu kwamba ametoka na kwamba anyamaze na aliyoyaona. Kisha nikamwandikia yeye peke yake: "Jambo mutoto wangu. Sasa kanuni haitufunge tena. Uko namna gani? Unakula muzuri? Uniambie yote."

Nikaiweka simu kando ya cherehani, nikaongeza sauti yake. Siku ile haikulia. Kesho yake jibu likaja.

"Niko muzima maman. Aksanti ya muchezo."

Nikangoja mengine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma. Nilimpigia, simu haipatikani. Siku nyingine nikampigia tena, akashika, nikasikia mashine zikinguruma nyuma yake. Akasema yuko ku kazi, ataniita. Hakupiga. Wiki zikapita, na sasa hata amri ya asubuhi haikuwepo, sikujua tena kama huko kunanyesha. Nilikuwa nikijua habari zake zaidi alipokuwa amekatazwa kunisalimia. Kile kilima alikuwa anakipanda kwa ajili ya mchezo. Jambo hilo lilikuwa mezani kwangu muda wote, na mimi ndiye ninayejisifu kwamba naona ramani nzima.

Sikumkasirikia. Nililia kidogo, nikamaliza kushona sare za shule zilizokuwa zinangojwa. Nadhani hajui aniambie nini tangu tulipomzika baba yake. Na mimi, kusema kweli, sijui nimwulize nini zaidi ya kula na kulala, na hayo mtu mzima hapendi kuulizwa kila siku. Kwenye mchezo angalau ana cha kuniambia.

Muuguzi ndiye aliyeshinda mwishoni. Siku hiyo salamu zilimwagika, kila mtu akanipigia, nikaongea mpaka koo likakauka. Wakaomba tuanze mchezo mwingine, na kwa kauli moja wakataka kanuni ya salamu iondolewe. Muuza vipuri alikuja mwenyewe mpaka Kasha na sukari kwenye mfuko, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekuja kuposa. "Maman, njo miye nilikosa," alisema, akalibeba kosa lote mwenyewe. "Turudishe jambo. Hatuwezi kukuandikia kama batu ba serikali." Nilicheka, nikamsamehe, nikamwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa na njaa ya watu.

Alipoondoka nilifungua grupu niwaandikie kwamba salamu zimerudi. Nikakuta ujumbe mpya kutoka Shabunda. "Na mimi niko," ameandika. Alikuwa amepanda kilima.

Nikakaa na simu mkononi. Niliziona asubuhi zitakavyokuwa. Muuguzi ataandika kama anaandika barua, muuza vipuri ataniuliza hali ya mgongo, yule wa Uvira atanitakia siku yenye baraka, na katikati yao itaingia amri ya mwanangu, tupu, ya mtu huru ambaye hakuna aliyemkataza. Nikafuta nilichokuwa nimeanza kuandika. Nikawaambia kwamba kanuni inabaki kama ilivyo, na atakayenisalimia anapoteza zamu. Wakanung'unika sana. Muuguzi akasema nina kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Nikamjibu kwamba haki haina likizo, wakaniamini.

Asubuhi ya kwanza nilitandaza ramani mpya, nikapanga vifungo vya kahawia kaskazini mwa ziwa. Amri ya mwanangu ndiyo iliyotangulia kuingia, kabla hata chai yangu haijachemka. "Askari batatu, kivuko ya juu." Niliisoma kwa sauti, nikaisoma tena. Hapakuwa na jambo, hapakuwa na maman. Sikuumia, kwa sababu salamu ilikuwa imekatazwa.